Hapa Hatusafirishi Hewa

Vijana wa godauni, mmenisumbua wiki nzima niwaandikie kitu kabla sijapanda ndege. Mnataka siri za kazi. Siri ninazo tatu, na mbili mnazijua tayari: inua kwa magoti, si kwa mgongo, na usimwamini mteja anayesema mzigo wake ni "boksi chache tu." Ya tatu nimeijua mwezi huu, nikiwa nimeshastaafu, nimelala kifudifudi juu ya maboksi kando ya ziwa, miguu ikining'inia nje. Someni taratibu, maana lazima nianzie mbali.

Nilifika Guangzhou nikiwa na miaka ishirini na minane, cheti cha kidato cha nne, na miguu isiyotulia. Nilikuwa nimeshapita Kahama, Kampala na Dubai, na kila mji niliuhama mara tu watu walipoanza kulizoea jina langu. Singida nilimwacha mke na binti wa miaka minne, Neema, kwa ahadi ya miezi sita. Hesabu haikuwa somo langu.

Nilikuja kununua nguo katika soko la Shisanhang nizipeleke nyumbani kuuza. Siku ya tatu nikagundua kwamba kila blauzi niliyoipenda mimi hakuna mwanamke aliyeitaka, na kila iliyotakiwa sikuiona uzuri wake. Mfanyabiashara mmoja akanihurumia, akaniambia nimsaidie kupeleka marobota yake godauni. Huko ndiko nilikomkuta Mama Béa, ameketi juu ya boksi, futi ya chuma shingoni kama fundi cherehani.

Wengi wenu mmemkuta akiwa ameshapunguza makali. Enzi hizo, huyu Mkongo wa Lubumbashi ndiye aliyekuwa mpangaji wa makontena, na wanaume warefu walimpisha njia. Alinitazama tangu viatu mpaka kichwa.

"Weye, umesoma?"

"Form Four, mama."

"Bon. Form Four, ingia ndani ya kontena."

Hilo ndilo likawa jina langu kwa miaka kumi na minane.

Siku hiyo ya kwanza nilitaka kuonyesha bidii. Nilisimama ndani, wenzangu wananirushia maboksi, nami nayapanga kwa ustadi mkubwa, safu kwa safu, yamenyooka kama ukuta wa benki. Baada ya muda giza likaingia. Nikasikia sauti ya Mama Béa kutoka mbali.

"Form Four, uko wapi?"

"Ndani, mama."

"Ndani ya nini?"

Nikatazama kushoto na kulia. "Ndani ya mzigo."

Nilikuwa nimejenga ukuta kati yangu na mlango. Vicheko vilivyopigwa pale nadhani vilisikika Nansha, bandarini. "Batu banapakia bintu," alisema Mama Béa akifuta machozi, "weye unajipakia mwenyewe. Tukuache, batakushusha Mombasa."

Somo la pili lilikuja kesho yake. Nilibakiza upenyo wa kiganja kimoja kati ya maboksi na dari. Akaingiza mkono wake pale, akauchezesha.

"Hii ni nini?"

"Hewa, mama."

"Nani aliinunua?"

Nikaitazama dari.

"Mteja analipia kontena nzima. Hapa hatusafirishi hewa. Lubumbashi hewa iko mingi, tena ya bure." Ikabidi nishushe safu nne na kuzipanga upya. Tangu hapo nikiona uwazi mahali popote mikono inaniwasha. Mke wa jirani yangu aliwahi kunifukuza jikoni kwake kwa kumpangia kabati.

Somo la tatu lilikuwa maki. Ninyi mnabandika karatasi za mashine, lakini sisi tuliandika kwa kalamu nene ya wino, boksi kwa boksi: herufi za mteja ndani ya umbo la uru, lile la kwenye karata, na chini yake jina la mji unakokwenda mzigo. Boksi lisilo na maki ni yatima. Litafika bandarini na hakuna atakayelidai. Mwandiko wangu ndicho kitu pekee ambacho shule ilinipa kikadumu, basi nikakabidhiwa kalamu. Nimeandika maki za Lubumbashi, Eldoret, Mwanza, Bujumbura, miji ambayo mingine sitaiona. Na kila mwaka, mteja akiniruhusu, niliingiza boksi langu moja la nyumbani. Uru, ndani yake NEEMA, chini yake SINGIDA. Nililitumia kuzibia upenyo uliobaki. Kwa kawaida upenyo huo ulikuwa pembeni kabisa, kule ndani.

Mke wangu, tuseme ukweli, alichoka. Akaolewa na mwanamume anayerudi nyumbani jioni. Sina la kumlaumu; mimi nilikuwa natuma maboksi.

Kuhusu kesi ngumu, mtataka niwasimulie ile ya kiti cha daktari wa meno. Mteja alikuwa Mkenya, kijana wa Eldoret, kiti kina mikono, taa, beseni la kutemea na mirija kama pweza. Nilikitembelea siku mbili kabla ya kukigusa. Mwishowe nikakitandikia vigae chini, nikakizungushia magodoro, nikakaza kwa mikanda, nikaziba kila pembe kwa mifuko ya hewa, ile hewa pekee ambayo Mama Béa aliiruhusu.

"Buda," mteja aliniambia, mkono begani kwangu, "hii kiti ikivunjika, wewe na mimi ndio tutakuwa wagonjwa wa kwanza."

"Sasa bila kiti watatutibia wapi?"

"Chini, kwa floor."

Tukapiga sili mlango, kontena likaondoka. Kama kilifika salama, sijui. Hakunipigia. Katika kazi yetu kimya ndicho cheti: mzigo ukivunjika utasikia, ukifika husikii kitu. Nimepakia makontena ambayo siwezi kuyahesabu, na sikuwahi kuona hata moja likifunguliwa. Wakati huo sikuliona hilo kuwa tatizo.

Mwaka huu pingili mbili za mgongo zilikataa kazi. Daktari akaitazama picha, akanitazama, akauliza nabeba nini. Nikamwambia. Akaandika kwa muda mrefu. Ndivyo nilivyostaafu nikiwa na miaka arobaini na sita na nywele nyeusi, na nikakata tiketi ya kurudi nyumbani.

Sasa nifike kwenye safari ya ziwani, ambayo ndiyo upakiaji wangu wa mwisho na ndiyo mliyoisikia kwa uvumi.

Neema yuko Guangzhou. Alipata udhamini wa masomo mwaka jana, na habari hizo hakuniambia yeye, aliniambia dada yangu. Kwa mwaka mzima tulionana mara nne, kila mara mgahawani. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Anakula, anatazama simu, anaondoka. Mzee! Hata mwenye nyumba ninakopanga angejua Kiswahili angeniita hivyo. Tiketi yangu ilikuwa ya mwisho wa mwezi, yeye amebakiza miaka mitatu. Nikaona nikiondoka bila kukaa naye walau siku mbili, tutakuja kukutana kwenye msiba, tuambiane shikamoo na marahaba. Nikamuuliza angependa kwenda wapi.

"Popote penye ziwa," alisema. "Kama Singidani." Halafu, kabla sijafurahi: "Siku mbili tu, mzee. Jumatatu nina mtihani."

Ziwa la Singidani liko mjini kwetu. Mimi na yeye, kwa nyakati tofauti, tulikua tukilitazama. Nikapata kusikia kwamba mwendo wa saa tatu kaskazini mwa jiji kuna hifadhi ya mkoa, msitu na ziwa, na mahali pa kuegesha magari yenye vitanda ndani. Mimi najiita msafiri, lakini miaka kumi na minane ya Guangzhou niliijua Shisanhang, soko la vitambaa la Zhongda na Nansha, na barabara iliyounganisha hizo tatu. Nikaamua tuende kwa gari lenye nyumba ndani. Kupanga ni kazi yangu, nikajiambia. Itanishinda nini?

Nilianza na gari. Wachina huliita fangche. Nikampigia laoban Lin, yaani bosi Lin, mama muuza vitambaa wa Zhongda tuliyejuana miaka mingi na anayemjua kila mtu. Nikamwambia nataka fangche ya siku mbili, mimi na binti yangu.

Akashangaa. "Unajua kuitumia?"

"Nina leseni."

"Leseni?" Akacheka mpaka akakohoa.

Asubuhi ikafika godauni bajaji ya mizigo, imebeba gurudumu la mbao la kusokotea uzi. Kumbe neno ni lile lile. Sauti ikipanda ni nyumba yenye magurudumu, ikishuka ndipo ipande, ni hilo dude. Miaka kumi na minane ya Kichina changu cha sokoni, nachojua ni "punguza," "hakuna" na "kesho," tena kwa sauti moja. Mama Béa akalizunguka lile gurudumu mara mbili.

"Ndiyo gari yako hii? Iko na milango ngapi?"

Ikabidi nimpigie Neema. Akaja, akachukua simu yangu, na kwa dakika chache akapata gari kwa mtu aitwaye laoban Chen. Halafu akapiga hifadhini, kwa sababu mtandao wao wa kuweka nafasi ulikuwa unaikataa namba ya pasipoti yangu tangu juzi. Akaongea na mama wa mapokezi, akasema kitu, wote wawili wakacheka. Nilikuwa nimesimama pembeni na gurudumu langu. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kwa lugha yoyote.

Kilichobaki kilikuwa kupakia, na hapo hakuna aliyehitaji kunisaidia. Nililipima lile gari ndani kwa futi, nikachora ramani juu ya kipande cha boksi. Hema, kwa kuwa vitanda huweza kuharibika. Viti sita, kwa watu wawili. Jiko la mkaa, mkaa, jiko la gesi endapo mkaa utaloa. Unga, maharage, sufuria tatu. Nyavu za mbu. Ndoano. Gurudumu la uzi, kwa sababu laoban Lin alikataa kulichukua, akasema ni zawadi, na upenyo wake ulikuwepo. Neema alikuwa ametanguliza boksi la vitabu vya mtihani. Nikaliweka chini kabisa, kule ndani. Kizito chini. Chooni paliingia mkaa na viti vinne, vikakaa kama vilizaliwa humo. Nilipomaliza nikapitisha kiganja juu ya maboksi. Hakikupita. Nikajisikia kijana.

Laoban Chen akachungulia, akasema maneno mengi ambayo sikuyaelewa, nami nikamjibu "kesho, kesho."

Neema akafika, akafungua mlango wa ubavuni.

"Mzee. Tutakaa wapi?"

"Mbele."

"Na kulala?"

"Tukifika tutashusha."

"Na choo?"

"Njiani kuna vituo vya mafuta."

Akalitazama lile gari, akanitazama, akapanda mbele na kuvaa vidude vya masikio. Saa tatu tukaenda hivyo. Kwenye vilima gari lililia kuliko mtoto mchanga. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kusema. Niliyapanga vizuri mno, sikujua nitoe lipi kwanza.

Ziwa lilikuwa zuri. Maji ya kijani, milima imeinama juu yake, familia za Kichina zimekaa chini ya miavuli zikichoma samaki. Tulipoegesha tu, mvua ikaanza.

"Mzee, naomba vitabu vyangu, nisome huku mvua inanyesha."

"Viko salama."

"Salama wapi?"

"Chini." Nikakohoa. "Ndani. Kizito chini, mwanangu."

"Na mwavuli?"

"Huo uko nyuma ya vitabu."

Alivuta pumzi ndefu. "Mzee, labda turudi tu. Kweli. Nina mtihani."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemrudishia muuzaji bidhaa asiyoihitaji, na hilo likaniuma kuliko hasira. Nikamwambia asubiri dakika mbili. Nikachomoa maboksi mawili ya juu, nikapanda kwa tumbo juu ya yaliyobaki, kati ya mzigo na dari, mkono mbele natafuta boksi la vitabu. Niliingia mpaka kiunoni. Hapo mgongo ukasema basi. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi, na miguu yangu ilikuwa nje mvuani, kandambili moja imeshadondoka.

"Mzee?" Akagonga bati. "Mzee, uko wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya nini?"

Miaka kumi na minane, ndugu zangu. Miaka kumi na minane!

"Ndani ya mzigo," nikasema.

Halafu akacheka. Alicheka kwa lugha ya kwetu, kile kicheko cha Kinyaturu cha dada yangu kinachoanzia tumboni, akashindwa kusimama akaketi kwenye ngazi. Mimi nikiwa sijui nilie kwa mgongo au nishukuru.

Kunivuta aliogopa, asije akanikata vipande. Ikabidi ashushe mzigo mmoja mmoja kunizunguka, mvua ikamnyeshea. Alitangaza kila kitu kama karani wa bandari. "Viti! Vingine viti! Mzee, tunafanya mkutano? Hili gurudumu la nini?"

"Usiliulize."

Akafika kwenye lile boksi la vitabu. Nilimwona kupitia uwazi chini ya kwapa langu. Hakutangaza. Kwa mazoea yangu ya kazi nilikuwa nimeliandika maki: uru, ndani yake NEEMA.

"Unajua nilichapwa kwa sababu ya hii?" alisema.

"Ya nini?"

"Hii alama. Darasa la kwanza. Jina langu nilijifunza kuliandika kwenye maboksi yako, nikadhani ndivyo linavyoandikwa, na hicho kinyumba chake. Mwalimu akauliza, hivi vijiti ni vya nini? Nikamwambia, jina langu linakaa humo. Akadhani namjibu jeuri."

Sikuweza kugeuka kumtazama. Labda ndiyo sababu aliendelea.

"Shangazi alinipeleka Dar mara moja kupokea. Tulisimama mlangoni mwa kontena tangu asubuhi. Watu wote wakachukua vyao. Nikamwambia shangazi, mwaka huu amesahau. Mpaka akabaki mtu mmoja huko ndani, akapiga kelele, 'Kuna Neema hapa?'" Akapapasa lile uru kwa kidole. "Kwa nini uliliweka huko ndani kabisa? Kila mwaka shangazi alisema letu ni la mwisho."

Ningeweza kumdanganya. Ningesema ndiko kwenye usalama.

"Ndiko kulikokuwa na upenyo," nikasema. "Nilizibia hewa."

Mvua ikasikika juu ya bati la gari.

"Sikuwahi kuona kontena likifunguliwa, Neema. Mimi nilifunga tu. Sikufikiri kwamba upande wa pili kuna mtoto amesimama."

Akashusha boksi la mwisho, akashika kandambili iliyobaki, nadhani alikusudia mguu, akanivuta taratibu mpaka nikakaa. Akaniletea kiti. Vilikuwepo vya kutosha.

Tulipika ugali kwa gesi, mkaa ulikuwa umeloa kama nilivyotabiri. Akasoma vitabu vyake, mimi nikatazama maji. Kesho yake aliniuliza kuhusu kiti cha daktari wa meno, na Mama Béa, na siku yangu ya kwanza, akataka nirudie ya siku ya kwanza. Sikutoa hata neno moja kati ya yale niliyoyaandaa.

Wakati wa kurudi alinikalisha chini, akapakia yeye. Alipanga pembeni, katikati akaacha njia kutoka mlangoni mpaka kitandani, choo akakiacha kitupu. Mikono ikaniwasha.

"Na hapo katikati?"

"Hewa."

"Mwanangu, kwa taratibu zetu sisi hatusa..."

"Leo tunasafirisha. Inama, nikufunge mkanda wa mgongo."

Nikainama, akanifunga, akanipigapiga mgongoni mara mbili. Nikaona ni upendo, nikanyamaza nisiuharibu.

Njiani tulisimama vituo viwili vya mafuta. Watu walikuwa wakinitazama wakitabasamu. Nikadhani ni ukarimu wa mkoa. Nilimshusha Neema chuoni kwake, nikarudisha gari. Laoban Chen alinizunguka, akacheka, akanipiga picha. Nikafika godauni kuwaaga, na ni Mama Béa aliyenishika bega akanigeuza kwenye mwanga.

"Form Four, nani alikuandika maki?"

Nikavua shati. Mgongoni palikuwa na kipande cha tepu ya boksi, kimeandikwa kwa kalamu yangu mwenyewe. Uru, mistari yake imenyooka kuliko yangu. Ndani yake: BABA. Chini yake: SINGIDA. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: KINAVUNJIKA. USIWEKE KITU JUU.

Tepu sijaibandua. Begi langu nimeshalifunga, na lile shati nimeliingiza mwisho kabisa, juu ya vyote, ili dada yangu akifungua zipu huko nyumbani liwe la kwanza kutoka.